Mzee kwenye Usukani Marekani: Sheria za Majimbo na Namna ya Kujipima Kabla ya Kupimwa

Jumapili moja asubuhi baba yangu alitoka kwenye maegesho ya kanisa hapa Fort Worth, Texas. Akakata kona ya kulia kwa kuzunguka mbali, kama tunavyokata nyumbani, kisha akatulia upande wa kushoto wa barabara kana kwamba anaelekea Igoma kule kwetu Tanzania. Barabara ilikuwa tupu. Mimi niliyekaa pembeni yake nilichukua sekunde kadhaa kushtuka, maana nami nilijifunzia gari Tanzania na macho yangu hayakuona ubaya wowote. Pikapu moja ilipotokea mbele yetu ikiwasha taa na kupiga honi ndefu, mzee alisema, "Huyu naye ana nini?"

Alikuwa na miaka 74, leseni ya Texas mfukoni, mtihani wa macho amefaulu, na zaidi ya miaka 40 ya kuendesha Land Rover na malori ya Bedford bila ajali ya maana. Kisheria alikuwa dereva kamili. Siku hiyo nikaelewa kwamba leseni inathibitisha jambo dogo sana: kuwa ulipokwenda ofisini uliziona herufi. Mengine yote ni mtihani wa nyumbani, na wasimamizi wake ni sisi watoto.

Haya ninayoandika ni kwa mwenye baba, mama, shangazi au mjomba anayeendesha gari Marekani, na kwa mzee mwenyewe akipenda kusoma. Shikamooni.

Hatua ya 1: Jua jimbo lako linataka nini

Marekani haina leseni ya taifa zima. Kila jimbo lina sheria zake, na hata jina la ofisi hubadilika: California na New York ni DMV, Texas ni DPS, Ohio, Indiana na Maine ni BMV, Massachusetts ni RMV, na Illinois unakwenda kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo. Ndiyo maana ushauri wa binamu wa Minnesota unaweza kukupoteza ukiwa Texas.

Kwa madereva wenye umri mkubwa, majimbo hutumia njia tatu: kufupisha muda wa leseni, kukataa kuihuisha kwa mtandao au posta, na kupima macho. Hapa Texas, ukifika miaka 79 lazima ufike ofisini mwenyewe, na kuanzia 85 leseni inadumu miaka 2 tu. Florida, dereva wa miaka 80 na zaidi anapewa leseni ya miaka 6 badala ya 8, na lazima apimwe macho. California inamtaka aliyefika 70 aje ofisini apimwe macho. Mtihani wa maandishi, uliokuwa ukiwanyima wazee wengi usingizi, uliondolewa Oktoba 2024 kwa walio wengi wenye rekodi safi. Indiana wanatoa miaka 3 kuanzia 75, na miaka 2 kuanzia 85. Missouri ni miaka 3 kuanzia 70. North Carolina ni miaka 5 kuanzia 66, wakati vijana wanapata 8. Maine, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ni wengi mjini Portland na Lewiston, leseni inashuka kutoka miaka 6 hadi 4 ukifika 65. New Mexico, ukishafika 79 unahuisha kila mwaka, ila hulipi kitu.

Illinois ina mkondo wake. Kwa miaka mingi ndilo jimbo pekee lililomtaka mzee aendeshe gari akiwa na mtahini kwa sababu ya umri tu. Mtihani huo ulikuwa unaanzia miaka 79. Sheria iliyosainiwa 2025 imeusogeza hadi 87, kuanzia Julai 1, 2026. Sheria hiyohiyo inaruhusu ndugu wa karibu kutoa taarifa wakiona mzee ameanza kuwa hatari barabarani. Mji wa Washington DC nao una lake: ukifika 70 wanataka karatasi ya daktari.

Sheria hizi hubadilika. Fungua tovuti ya ofisi ya jimbo lenu miezi mitatu kabla ya leseni kuisha, usingoje barua. Mzee akipangiwa kwenda ofisini, abebe pia vyeti vya kupata REAL ID (leseni au kitambulisho cha jimbo kinachokidhi masharti ya serikali kuu) kama hana, kwa kuwa tangu Mei 7, 2025 viwanja vya ndege vinaidai kwa safari za ndani, au pasipoti badala yake. Safari moja, kazi mbili.

Hatua ya 2: Kama amefika karibuni, leseni ya nyumbani ina mwisho

Wengi wanaamini kibali cha kimataifa cha kuendesha kinatosha milele. Kile ni tafsiri ya leseni yako, si leseni. Ukishakuwa mkazi, saa inaanza kuhesabu: California wanakupa siku 10 tu za kuomba leseni yao, Minnesota siku 60, Texas siku 90. Baada ya hapo, ukipata ajali, mtu wa bima atakuwa na la kuuliza.

Mtihani wa maandishi hutolewa kwa lugha kadhaa, na majimbo hayafanani. Uliza kwanza kama Kiswahili kipo, au kama mkalimani anaruhusiwa, kabla ya kumkalisha mzee na kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia. Alama za barabarani zenyewe lazima azijue kwa Kiingereza, kwa sababu hakuna atakayemtafsiria WRONG WAY saa mbili usiku.

Hatua ya 3: Macho na dawa kabla ya foleni ya ofisi

Majimbo mengi yanataka uoni wa 20/40, yaani uone kwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazuri anakiona kwa futi 40, kwa miwani au bila. Ubao wa ofisini, hata hivyo, unasomwa kwenye taa nyeupe, umetulia, hakuna anayekumulika usoni. Barabara ni kitu kingine. Mtu wa miaka 60 anahitaji mwanga kama mara tatu ya ule unaomtosha kijana wa miaka 20 ili aone sawa. Ukiongeza mtoto wa jicho, taa za gari linalokuja zinageuka kuwa ukungu mweupe.

Kwa hiyo aende kwa daktari wa macho kabla, si baada ya kuanguka mtihani. Mwenye Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ajue kuwa haimlipii kipimo cha kawaida cha miwani. Lakini inagharimia kipimo cha presha ya macho mara moja kwa mwaka kwa walio kwenye hatari kubwa, wakiwamo wenye kisukari na watu weusi wa miaka 50 na kuendelea. Inagharimia pia upasuaji wa mtoto wa jicho na jozi moja ya miwani baada yake. Nimekutana na wazee wawili waliokaa na mtoto wa jicho miaka kadhaa wakidhani watalipa mfukoni.

Ile miwani ya njano inayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama "ya usiku" mwache muuzaji nayo. Kioo chochote chenye rangi kinapunguza mwanga, na usiku mwanga ndio unaotafutwa.

Halafu mwaga dawa zote mezani. Zote, pamoja na zile alizoletewa na jirani. Dawa za mafua za usiku, za usingizi na za kuwashwa mara nyingi zina diphenhydramine, ile iliyomo kwenye Benadryl, na usingizi wake kwa mzee unaweza kufika hadi asubuhi. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuwasha gari na awe na kitu kitamu mahali anapokifikia bila kuinama. Mfamasia atakujibu bure ukimpelekea orodha nzima na kumuuliza swali moja: ipi kati ya hizi hairuhusu kuendesha?

Hatua ya 4: Kiti, usukani, miguu

Wazee wetu wengi hukaa karibu sana na usukani. Kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani iwepo nafasi ya angalau inchi 10, yaani sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa hutoka kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Macho yaone barabara kwa juu ya usukani, yapite ukingo wake kwa inchi 3 au zaidi. Mama mfupi apandishe kiti, na kikigoma atafutiwe mto mgumu. Mkanda upite katikati ya bega na juu ya nyonga, si shingoni wala tumboni. New Hampshire ndilo jimbo pekee lisilomlazimisha mtu mzima kufunga mkanda, lakini hiyo isiwe hoja mezani.

Vioo vya pembeni wengi wanavielekeza hadi waone ubavu wa gari lao wenyewe. Ni kupoteza kioo. Egemeza kichwa kwenye dirisha la kushoto, sukuma kioo cha kushoto nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu. Kisha egemea katikati ya gari, fanya hivyohivyo kwa kioo cha kulia. Ukikaa sawa, gari linalotoka kwenye kioo cha ndani linaingia kwenye cha pembeni bila kupotea. Kwa shingo isiyogeuka vizuri, hilo ni jambo kubwa. Magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Mei 2018 yana kamera ya nyuma kwa amri ya sheria. Mfundishe kuitazama, ila asiache vioo.

Kuna mpango uitwao CarFit, ulioandaliwa na AAA (chama cha wenye magari), AARP (chama cha wazee) na chama cha wataalamu wa tiba-kazi (wanaomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku), ambapo mtu aliyefunzwa hukagua mzee anavyokaa ndani ya gari lake. Hawagusi leseni na hawapeleki jina popote. Mzee wangu alikubali kwenda aliposikia hilo la mwisho.

Sasa miguu. Aliyejifunza gari la klachi miaka ya 70 ana mguu wa kushoto unaotafuta kazi, na kwenye otomatiki hiyo kazi haipo. Siku ya kushtuka mguu huo unarukia breki huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta. Kisigino cha kulia kikae sakafuni mbele ya breki, ncha ya mguu ndiyo igeuke kwenda kwenye mafuta. Mguu wa kushoto ubaki kwenye egesho lake. Viatu vya soli nyembamba. Kandambili ziachwe mlangoni.

Na breki yenyewe imebadilika. Kwenye Bedford ulipampu, ukikanyaga moja kwa moja gari linateleza. Kwenye gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame na kuteleza, unakanyaga kwa nguvu na unashikilia, hata pedali ikitetemeka na kukoroma chini ya mguu. Mtetemo huo ni mfumo unafanya kazi. Mtafutieni uwanja mtupu, mwendo wa maili 20, mzee akanyage mpaka ausikie. Baba alicheka kama mtoto, akarudia mara nne.

Hatua ya 5: Kuuhamisha mwili kutoka kushoto

Hili halimo kwenye vitabu vya serikali, kwa kuwa vimeandikwa kwa watu waliozaliwa wakishika kulia. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliojifunzia kwao wanaweza kuruka hatua hii. Nyumbani wanashika kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tukae.

Kwanza, hatari ni kubwa barabara ikiwa tupu. Kukiwa na magari unawafuata wenzako. Mambo huharibika unapotoka kwenye maegesho, kituo cha mafuta, au nyumbani alfajiri, na hasa ukiwa na mawazo. Akili ikichoka, mwili unarudi ulikozaliwa.

Dawa niliyompa baba ni rangi. Marekani mstari wa njano hutenganisha magari yanayokabiliana. Mweupe hutenganisha yanayokwenda upande mmoja. Kwa hiyo dereva aliye mahali pake siku zote ana njano mkono wa kushoto, bega la dirisha lake. Hata kwenye barabara kuu iliyogawanyika, ukingo wa kushoto ni njano na wa kulia ni mweupe. Ukiona njano kuliani kwako, uko kwenye njia ya wenzako: punguza mwendo, toka pembeni. Tulibandika karatasi ndogo ya njano upande wa kushoto wa dashibodi. Kabla ya kuondoa gari anaigusa na kusema kwa sauti, "Njano kwangu." Wajukuu walimcheka wiki moja tu.

Kona zinageuka. Kwetu ya kulia ndiyo ndefu, inayokatiza wanaokuja; hapa ndefu ni ya kushoto. Kona ya kulia ni fupi, unaishikilia ukingoni. Mwambie atamke kabla ya kila kona, "kulia fupi, kushoto ndefu," mpaka aache mwenyewe.

Kipilefti nacho. Jina lenyewe linakuamuru ushike kushoto, na ndiyo shida. Huku unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na unawapisha waliomo ndani, ambao wanakujia kutoka kushoto. Mzee aliyezoea kutazama kulia atatazama pasipo na gari na kuingia. Zungukeni kimoja kidogo mara kumi siku ya Jumapili.

Kasi ni kwa maili. Mzee akiona 60 kwenye mshale anaona mwendo wa msafara wa harusi, kumbe ni kilomita 97 kwa saa. Na 25 ya mtaani ni kilomita 40.

La mwisho ni lugha ya indiketa na honi. Kwetu dereva wa lori akiwasha ya kulia anaweza kuwa anakuambia usipite, na honi ni salamu, onyo na shukrani kwa pamoja. Huku indiketa ina maana moja: nageuka au nahama njia. Honi ni tusi.

Hatua ya 6: Sheria zinazowaponza wazee wetu

Basi la shule. Likiwasha taa nyekundu na kutoa ule mkono wenye STOP, magari ya pande zote mbili yanasimama mpaka taa zizimwe. Majimbo mengi yanamsamehe anayekuja upande wa pili ikiwa barabara imegawanywa kwa ukuta au bustani. New York haisamehi hata hapo. Texas, njia ya katikati ya kugeukia kushoto haihesabiki kuwa kizuizi, kwa hiyo unasimama. Kosa la kwanza ni faini ya kati ya dola 500 na 1,250. Nyumbani hatukuwa na kitu kama hiki, ndiyo maana mzee anapita huku akimpungia mtoto mkono.

Njia panda yenye STOP nne. Hakuna trafiki, hakuna taa, na kila mtu anaonekana kumwogopa mwenzake. Aliyesimama wa kwanza anaondoka wa kwanza. Mkifika pamoja, aliye kulia kwako anatangulia. Kusimama ni magurudumu kutulia kabisa. Adabu yetu ya kumwambia mwenzio "pita wewe, karibu" huku inachanganya watu. Zamu yako ikifika, nenda.

Kulia kwenye taa nyekundu. Inaruhusiwa katika majimbo yote baada ya kusimama kabisa na kupisha waendao kwa miguu, isipokuwa pale penye bango la kukataza. Jiji la New York ni kinyume: hairuhusiwi mpaka bango liruhusu. Mzee akipigiwa honi nyuma hapo, hana haraka. Sheria inaruhusu kugeuka, hailazimishi.

Kona ya kushoto ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwani inadai kupima kasi ya gari linalokuja, na uwezo huo hupungua na umri hata kama macho ni mazuri. Mshale wa kijani ni njia yako. Kijani cha duara, au mshale wa njano unaomemeta, maana yake wapishe kwanza wanaokuja. Akingoja katikati ya makutano, magurudumu yabaki yamenyooka, asije akagongwa nyuma na kusukumwa kwenye magari. Na kuna hila ya bure: kukata kulia mara tatu ni sawa na kushoto mara moja. Magari ya UPS, kampuni ya kusambaza vifurushi, yamepangiwa njia zao kwa kukwepa kona za kushoto, basi mzee asione aibu.

Gari la dharura limesimama pembeni likimemeta: majimbo yote 50 yana sheria ya kuhama njia moja au kupunguza mwendo. Texas kupunguza ni maili 20 chini ya kiwango kilichobandikwa. Likija nyuma yako na king'ora, sogea kulia usimame. Usisimame katikati kwa hofu.

Kikomo cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.08 kila jimbo ila Utah, ambako ni 0.05. Kwa mzee mwenye dawa za presha, mimi nahesabu sifuri.

Hatua ya 7: Polisi akiwasha taa nyuma yako

Kwetu heshima ni kushuka garini na kumfuata afande. Huku kushuka kunaweza kutafsiriwa vibaya sana. Asogee kulia, azime gari, afungue kioo, usiku awashe taa ya ndani, mikono miwili juu ya usukani. Asifungue droo ya dashibodi kutafuta karatasi kabla ya kuombwa. Akiombwa, aseme anachofikia kisha afikie polepole. Leseni na kadi ya bima zikae kwenye kivuli cha jua juu ya kichwa chake.

Hakuna ya chai. Kutoa hata dola 20 ni kosa la jinai. Na akipewa karatasi ya kosa asaini. Hapa Texas sahihi ni ahadi ya kuitikia mahakamani, si kukiri. Mjomba mmoja aligoma kusaini akidhani anajitetea, na nusura alale ndani. Makosa mengi madogo Texas huweza kufutwa kwa kusoma kozi ya udereva, ukiomba mapema.

Ajali ikitokea, hata ya kukwaruza bampa, kuondoka ni kosa kubwa kuliko ajali. Apige 911, vituo vingi hutumia wakalimani kwa simu, atamke tu "Swahili" na asubiri.

Hatua ya 8: Punguza kidogo kidogo

Usimpokonye mtu gari kwa mkupuo. Anza na usiku. Kisha mvua kubwa, na kwa walioko Minnesota au Maine, asubuhi za barafu isiyoonekana juu ya lami. Kisha barabara kuu saa za watu kwenda na kurudi kazini. Baba alibakiwa na kanisa, duka, kliniki na mzee mwenzake wa Bukavu anayecheza naye bao. Njia nne, zote tumezipita pamoja na kuchagua zenye taa zenye mishale.

Umbali na gari la mbele: likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" hadi nne. Ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, uko karibu mno.

Kozi za madereva wazee zina faida ya pesa pia. California, Florida na Illinois dereva wa miaka 55 na zaidi anayemaliza kozi iliyoidhinishwa anapata punguzo la bima. New York ni asilimia 10 kwa miaka 3, kwa umri wowote. Uliza kampuni ya bima inaikubali kozi ipi kabla ya kulipa ada. Mwenye magoti mabovu naye aombe kibali cha maegesho ya walemavu. Daktari anajaza fomu, ofisi ya jimbo inatoa.

Hatua ya 9: Mazungumzo ya funguo

Dalili zangu ni hizi: mikwaruzo mipya asiyojua imetoka wapi, kupotea kwenye njia ya kila siku, kuchanganya pedali hata mara moja, na wajukuu kukataa kupanda naye. Hii ya mwisho haidanganyi.

Ukiwa na shaka, mwombe daktari ampeleke kwa mtaalamu wa tiba-kazi anayepima madereva. Ni saa kadhaa, mezani na barabarani, na gharama yake ni dola mia kadhaa ambazo bima nyingi za afya hazilipi. Inauma, ila unapata jibu la mtu asiye wa familia. Ikishindikana kabisa, jimbo linaweza kuombwa limpime upya; California fomu yake ni DS 699. Huko huko daktari anawajibika kisheria kuripoti mgonjwa anayepoteza fahamu.

Nani aseme? Mtoto wa kiume kumwambia baba yake "acha gari" ni kumvua kofia mbele za watu. Nilijaribu, tukakaa siku tisa bila kuongea. Aliyeweza ni binti yangu wa miaka 12, kwa utani wao wa babu na mjukuu: "Babu, ukinipeleka shule naandika kwanza wosia." Alicheka, akanyamaza, jioni akaniuliza basi la wazee linapatikana vipi.

Kwa hiyo uwe na jibu hilo tayari kabla ya mazungumzo. Chini ya sheria ya walemavu ya 1990, mji wenye mabasi ya umma ya njia zilizopangwa lazima uwe na usafiri wa kumchukua mtu alipo hadi aendako kwa wasioweza kutumia mabasi hayo kwa sababu ya ulemavu, ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia zake. Fomu huchukua wiki, iombeni mapema. Ofisi ya eneo ya huduma za wazee ina madereva wa kujitolea wa kliniki. Na watoto wagawane siku kwa majina, siyo "tutakuwa tunampeleka."

Siku ya kuacha, mpelekeni akabadilishe leseni kwa kitambulisho cha jimbo, asibaki bila karatasi, kisha pigeni simu bima wamwondoe kwenye orodha ya madereva. Gari la baba sasa naliendesha mimi. Kila Jumamosi anafungua boneti, anapima oili, na kuniita nje kunionyesha tairi ninavyolila upande mmoja.